Skrubu Zilizokataliwa na Sumaku

Kiwandani kwetu chumvi ilikula kila kitu isipokuwa chumvi yenyewe. Ilikula makufuli, ikala bawaba za milango, ikala baiskeli pale pale zilipoegeshwa. Ofisini ilikula hata vibanio vya karatasi. Ukifungua faili unakuta barua ina alama ya kahawia kama vile kuna mtu aliitemea tumbaku. Mimi nilikuwa nashona midomo ya magunia ya chumvi kwa mashine, kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengi niliyaona kwa macho. Mengine nilipewa na mke wa mhusika, ambaye ni fundi cherehani na rafiki yangu, mtu asiyeweza kukaa na jambo la kuchekesha moyoni hata kama linamhusu mumewe. Hasa kama linamhusu mumewe.

Mhusika mwenyewe alikuwa mtunza stoo. Mtu mrefu, mwembamba, shati limechomekwa barabara, sauti ya chini ya mtu aliyezoea wengine wanyamaze ili wamsikie. Stoo yake ilikuwa safi kuliko zahanati. Makopo ya misumari, nati na skrubu yalipangwa kwa ukubwa kama wanafunzi kwenye gwaride, na ole wake fundi aliyerudisha kopo mahali pasipo pake.

Balaa lilianza na kiti cha meneja. Meneja wetu alikuwa mtu wa mwili, na siku hiyo alikuwa kwenye mkutano wa wafanyakazi akieleza jinsi kiwanda kilivyosimama imara. Alipofika kwenye neno "imara" akaegemea nyuma, na mgongo wa kiti ukaachana na kiti. Tuliona nyayo za viatu vyake. Hakuna aliyecheka. Tulitoka nje mmoja mmoja kwenda kucheka, tukarudi na nyuso za msiba.

Fundi mkuu aliokota skrubu iliyokatika. Kichwa kilikuwepo, mwili ulikuwa umegeuka unga mwekundu.

"Kuanzia leo," meneja alisema huku akipangusa suruali, "kiwanda hiki hakitumii skrubu inayoshika kutu. Stenlesi tupu! Mtunza stoo, umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi."

Aliyekuwa anatuletea vifaa alikuwa jamaa mmoja mcheshi tuliyemwita Bei Poa, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Akaulizwa kama ana stenlesi. Akasema anazo, bei poa. Akaleta maboksi ya skrubu zinazometa kama meno ya bandia. Zikafungwa kwenye viti, kwenye madirisha, kwenye milango ya bohari. Mvua zilipokuja na kuondoka, skrubu zote zilikuwa zinalia machozi ya kahawia.

Meneja akamwita mtunza stoo mbele yetu. "Hizi ndizo stenlesi?"

"Aliyeuza alisema ni stenlesi, bosi."

"Na mimi nikikwambia wewe ndiye meneja, utakaa kwenye kiti changu?"

Alirudi stoo akiwa ameinamisha kichwa, na mtu aliyejali makopo yake namna ile, unaweza kujua aliumia kiasi gani. Jioni hiyo hiyo akapita kwa fundi redio, kibanda cha karibu na kwao, akamweleza masaibu yake. Fundi redio akamwambia jambo ambalo kila mtu mtaani analijua: stenlesi ya kweli haishikwi na sumaku. Akaivunja spika iliyokwisha kufa, akatoa sumaku yake, nyeusi, ya mviringo, imemeguka pembeni. Mtunza stoo akaifunga kwa uzi wa kushonea viatu, akaivaa shingoni.

Bei Poa alipoleta mzigo mwingine, mtunza stoo akafungua boksi la juu. Alitoa sumaku shatini, akaining'iniza juu ya boksi. Sumaku ikaruka, ikajishindilia katikati ya skrubu, na ilipoinuliwa ilikuwa na ndevu za chuma.

"Hii ni nini?" akauliza.

Bei Poa alitazama ndevu zile. Kwa mara ya kwanza hakutaja bei.

Alifukuzwa getini tukishangilia, na kusema haki alistahili, kwa kuwa zile zilikuwa skrubu za chuma cha kawaida zilizopakwa mng'aro. Kuanzia siku hiyo mtunza stoo akawa Sumaku. Jina lake la kwao nadhani hata karani wa mishahara alilisahau.

Sasa, mtu akipatia mara moja mbele za watu, huwa vigumu sana kumwambia kwamba amepatia mara moja. Mpishi wa kantini alileta vijiko. Mhasibu alileta saa yake, aliyoapiwa na muuzaji kuwa haitashika kutu milele. Sumaku akaipitishia kamba yake, akatikisa kichwa polepole, na mhasibu akaivua saa mkononi kama mtu aliyeambiwa habari za ugonjwa. Kijana mmoja wa mizani, aliyekuwa anakaribia kuoa, alileta sufuria walizopewa na upande wa mke. Sumaku ikashika kwenye matako ya sufuria.

"Za uongo," akatangaza.

Ndoa ile ilitaka kuvunjika. Wazee wa pande mbili walikaa kikao kizima kujadili matako ya sufuria. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba sufuria nzuri za aina ile huwekewa makusudi chuma cha sumaku chini ili zitumike kwenye majiko fulani ya umeme, lakini wakati huo kijana alikuwa amekwisha kumnunia baba mkwe wake vya kutosha.

Meneja alifurahi kuliko wote. Akampa Sumaku cheo cha Mkaguzi wa Ubora, na kibao kikapigiliwa kwenye mlango wa stoo.

Ndipo akaja binti mmoja aliyekuwa amefungua duka la vifaa karibu na kituo cha mafuta. Alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe, boksi limefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Stenlesi, za mahali kama hapa kwenu."

Sumaku akatoa kifaa chake. Sote tuliokuwa karibu tukasogea, kwa kuwa ilikuwa burudani yetu. Kamba ikashuka. Sumaku ikayumba, ikasogelea skrubu moja, ikaigusa, ikakaa hapo kidogo kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, kisha ikaachia.

"Imeshika," alisema Sumaku.

"Imegusa, mzee. Haijashika."

"Mbele ya sumaku hakuna kugusa."

Binti akashusha pumzi. "Mzee, chuma hiki kabla hakijawa skrubu hakina usumaku. Lakini skrubu hutengenezwa kwa kufinywa kwa nguvu bila moto, na huko kufinywa kunakipa usumaku kidogo. Usumaku huo haupunguzi uwezo wake wa kuzuia kutu. Tazama kichwani pameandikwa A4. Zile za A2 ni za jikoni, za ndani, mahali pakavu. A4 imeongezewa madini ya kupambana na chumvi. Usiiulize sumaku. Soma kichwa, halafu mwombe aliyekuuzia karatasi ya kiwanda kilichozitengeneza."

"Binti," Sumaku alisema kwa ile sauti yake ya chini, "umewahi kusikia mwanamke ana mimba kidogo?"

Tulicheka hadi mashine ikabidi izimwe. Binti alingoja tumalize.

"Mimi nauza skrubu, mzee. Nakuachia boksi hili. Zitie kwenye maji ya chumvi ujionee. Chumvi si mnayo?"

Akapanda pikipiki, akaondoka. Sumaku akalimwaga boksi zima kwenye kopo aliloliita la waliofeli. Kopo lile likijaa alikuwa analibeba nyumbani na kulitupa nyuma ya jiko, ili asije fundi mvivu akazifunga mahali kwa makosa. Kwa uaminifu, sijaona mtu kama yule. Angeweza kuziuza.

Bei Poa naye hakuwa mjinga. Mtu akifukuzwa getini huwa na muda wa kufikiri. Alikwenda kwa wauzaji wa jumla, hakuuliza ni skrubu gani inayohimili chumvi. Aliuliza ipi haishiki sumaku kabisa. Wakamwonyesha stenlesi ya daraja la chini, ya mapambo ya ndani, iliyobaniwa yale madini yenye maana. Sumaku haiitaki kweli, lakini ikionja chumvi tu inaanza kuoza. Akarudi getini mnyenyekevu, boksi mkononi.

Sumaku ikashushwa. Haikutikisika. Ikaning'inia juu ya skrubu zile imetulia, kama mkwe mpya mezani.

"Sasa umeokoka," Sumaku alimwambia Bei Poa, na wakapeana mikono.

Wakati huo ukumbi mpya wa kufungashia ulikuwa unajengwa. Kila kitu ndani yake, vishikio vya ngazi, vifuniko vya mashine, mabano ya taa, kikafungwa kwa skrubu za Bei Poa. Hata yale maneno makubwa ya bati juu ya lango, USALAMA KWANZA, kila herufi urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Fundi mkuu, mtu wa maneno machache, alishika skrubu moja akaigeuzageuza vidoleni.

"Haina maandishi kichwani," alisema. "Una hakika nazo?"

"Sumaku haina mjomba," alijibu Sumaku.

Fundi akapanda ngazi akazifunga.

Nyumbani kwa Sumaku nako kulikuwa na ujenzi. Mama mkwe wake alikuja kukaa nao kwa sababu ya magoti, akaja na kuku wake ndani ya tenga. Wenye wakwe wanajua. Sumaku yule yule aliyekuwa anamfokea fundi kwa kopo moja, nyumbani alikuwa anatembea kwa ncha za vidole. Mama akikohoa, yeye anazima redio. Nyumba zetu za wafanyakazi zilikuwa zimetazamana na mabwawa ya kukaushia chumvi, upepo ukivuma unalamba mdomo unapata ladha, na kuku walihitaji kibanda haraka.

"Baba," mama mkwe alimwuliza asubuhi moja Sumaku akiwa anakimbilia kazini, "hapa hakuna vitu vya kupigilia mbao?"

"Mama, waambie tu, watakutafutia."

Mama hakumwambia mtu. Alizunguka nyuma ya jiko, akatafuta mwenyewe, akaazima bisibisi kwa jirani, akajenga banda lake kwa mbao za makasha huku amekaa kwenye kigoda. Sumaku alilisifia siku ile ile, kwa mbali, kwa adabu, bila kulitazama.

Ukumbi ulikwisha, lakini uzinduzi ukawa unaahirishwa kila mara kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na ukumbi mwingine wa kuzindua. Masika ikapita juu yake. Kabla haijaisha, michirizi ya kahawia ikaanza kushuka chini ya kila herufi. Tulimwona Sumaku akiwa amesimama chini ya lango, anatazama juu, sumaku ameishika mkononi kama mtu anayepima homa.

"Ni vumbi la chuma kutoka kwenye msumeno," alimwambia meneja. "Limekaa juu juu."

Meneja akaagiza rangi. Ukuta ukapakwa mweupe. Michirizi ikatoka tena. Ukapakwa tena.

Siku ya uzinduzi viti vilipangwa mbele ya lango, hema likafungwa, soda zikapozwa. Asubuhi mapema, kabla mgeni hajafika, herufi U ilianguka yenyewe, ikajikunja chini. Meneja akaisukumia nyuma ya hema kwa mguu. Kukabaki SALAMA KWANZA, na kwa kweli hata hiyo haikuwa mbaya. Wengi wetu tulidhani ni salamu.

Mgeni rasmi akaja, akapanda jukwaani, akaanza kusifu jinsi kiwanda kinavyowalinda wafanyakazi wake. Alikuwa ndiyo kwanza ametamka neno "ajali" herufi S ilipoachia. Ilishuka kwa makeke, inapiga kona hewani, ikatua kwenye kreti za soda nyuma ya mgongo wake. Hakuumia mtu. Soda zilimwagika, mlinzi mmoja wa mgeni akalala kifudifudi, na watu wote wakainua macho.

Mtoto wa mtu fulani, aliyekuwa anajifunza kusoma, akasoma kwa sauti: "A-la-ma kwa-nza."

Na zilikuwepo. Chini ya kila herufi kulikuwa na alama ndefu ya kutu iliyopenya rangi mpya.

"Hiyo ndiyo kauli mbiu yenu?" mgeni aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema meneja, jasho linamtiririka. "Tunaanza na alama. Ili tujue pa kuboresha."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakata utepe, akaondoka upesi kidogo kuliko ilivyopangwa.

Sumaku hakungoja kuitwa. Alimfuata Bei Poa hadi dukani kwake, na mimi nilikuwepo, nilikwenda kununua uzi.

"Umeniuzia takataka!"

"Mzee wangu, kaa kwanza. Uliniambia unataka skrubu za namna gani?"

"Zisizoshika sumaku."

"Zilishika?"

Sumaku akaipapasa kamba shingoni.

"Zilishika, mzee wangu?"

"Hazikushika."

"Basi." Bei Poa akamwekea kiti. "Na nilikupa kwa bei poa."

Sumaku alirudi nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mke wake anasema alikaa kwenye ngazi ya mlango, hakuvua viatu. Hata chakula alisema atakula baadaye. Mama mkwe, ambaye hakujua habari za herufi wala mgeni rasmi, akamtazama, akaona ni mtu asiye na kazi.

"Baba, magoti yangu leo yamegoma. Nitazamie kama kuku wametaga."

Hapo hapana kukataa. Akaenda, akainama, akaingiza mkono bandani, akapapasa, akapata yai. Na akiwa ameinama hivyo, uso wake umekaribiana na mbao, akaziona. Skrubu. Safu nzima, kuzunguka mlango, kwenye pembe, kwenye kibao cha kuku kupandia. Banda lilikuwa linatazama mabwawa ya chumvi moja kwa moja, kuku wanalichafua kila siku, masika yote imelinyeshea. Mbao zilikuwa zimekwisha kuwa kijivu. Skrubu zilikuwa zinang'aa kama zimetoka boksini asubuhi ile.

Akatoa sumaku shatini. Ikayumba, ikagusa, ikakaa kidogo, ikaachia.

"Mama," alisema bila kuinuka, "hizi ulizitoa wapi?"

"Kwenye kopo nyuma ya jiko. Niliona zimetupwa." Mama akamkazia macho. "Nimekosea, baba?"

"Hapana, mama. Hujakosea."

"Mbona umeshika yai namna hiyo? Utalivunja."

Mke wake anasema kwamba kuanzia usiku ule alikuwa anakwenda kule bandani mara kwa mara hadi kuku wakamzoea. Kisha akafungua skrubu moja kwa adabu zote, akaomba ruhusa kwa mama kwanza, akaenda nayo kwa binti wa pikipiki. Hakujua aanze vipi. Akaiweka mezani, ikiwa bado na unyoya umenata.

Binti akaigeuza, akasoma kichwani. "Hii ni yangu. Ilikuwa wapi?"

"Kwenye banda la kuku la mama mkwe wangu."

Kwa heshima binti hakucheka. Aligeuka akapanga kitu kwenye rafu kwa muda mrefu kidogo, mabega yakimtikisika, halafu akarudi.

"Chukua vitungi vya kioo, mzee," alisema. "Kila aina kwenye kitungi chake, na maji ya chumvi. Usiamini maneno yangu wala ya sumaku."

Akafanya hivyo. Vitungi vikapangwa kwenye dirisha la stoo, na sisi tukawa tunapita kuvitazama kama watu wanaofuata mchezo wa redioni. Cha skrubu za Bei Poa kiligeuka chai. Cha A2 kilianza kuonyesha vidoa. Cha A4 ungeweza kunywa, kama ungependa chumvi.

Sumaku akabeba vitungi vyake hadi kwa meneja. Alikuwa amejiandaa kusema amekosa, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo dogo. Hakupata nafasi. Meneja alikuwa amekwisha kuandikia makao makuu kwamba kosa lilikuwa la fundi mkuu, kwamba alifunga herufi zile kwa skrubu zisizopitishwa kwenye sumaku. Makao makuu wakapendezwa mno na habari ya sumaku. Wakaagiza kila tawi liwe na sumaku yake. Zabuni ya kuzileta alipata Bei Poa, na safari hii alileta mali safi.

"Lakini bosi, sumaku ndiyo iliyotudanganya."

"Unataka niwaambie makao makuu kwamba utaratibu wao umetoka kwenye spika mbovu?" Meneja akasukuma vitungi pembeni. "Skrubu isiyopita kwenye sumaku haiingii kiwandani. Huo utaratibu umeuanzisha wewe. Usituchanganye."

Fundi mkuu alipewa onyo. Sumaku alimfuata kwenye karakana, akasimama mlangoni huku anazungusha kofia mikononi.

"Fundi, kosa ni langu."

"Najua."

"Nimemwambia meneja. Hataki kusikia."

"Hilo nalo najua." Fundi aliendelea kusugua vali. "Nilikuuliza kama una hakika. Ilinipasa nikuulize mara mbili." Akaiweka vali chini, akasema, "Vile vishikio vya ngazi vitamwua mtu. Fanya kitu."

Hapo ndipo Sumaku alipofanya jambo ambalo mke wake alinieleza huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Alikwenda kwa fundi redio kumwuliza kitu kinachoweza kuua sumaku. Moto, akaambiwa. Jumamosi hiyo akaivua shingoni, akaifukia kwenye makaa ya jiko la mkewe, akaipepea polepole isipasuke, hadi ikawa nyekundu. Mke akauliza anapika nini. Akasema, "Naipumzisha." Ilipopoa ilikuwa ile ile, nyeusi, imemeguka pembeni, ila haikuweza kuinua hata pini.

Jumatatu binti wa pikipiki alileta maboksi ya A4. Meneja mwenyewe alikuja kushuhudia, mikono imefumbatwa juu ya tumbo. Sumaku akasoma vichwa vya skrubu kimya kimya, akakagua karatasi za kiwandani, akachukua chache za kutia kwenye kitungi. Kisha, kwa taratibu zote za zamani, akashusha kamba. Jiwe lile likaning'inia juu ya skrubu bila habari.

"Unaona?" meneja alisema, akitugeukia sote. "Huu ndio ubora."

Binti alimtazama Sumaku. Sumaku alitazama dari.

Zilifungwa kwenye ukumbi wote, kidogo kidogo, fundi akianzia na ngazi. Zipo hadi leo. Herufi zilirudishwa, U na S zikiwa zimenyooshwa kwa nyundo, ndiyo maana S yetu inaonekana kama imekunywa. Meneja alipandishwa cheo kwa kubuni utaratibu wa sumaku, akahamishiwa makao makuu, ambako hakuna chumvi na viti vina magurudumu.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Siku moja mkewe alidondosha sindano, mama mkwe akasema, "Baba, lete hiyo sumaku yako." Akaipitisha kwenye mkeka huku na huku, mbele ya mama yake mkwe, na sindano wakaiona kwa macho, imelala, sumaku inapita juu yake kama haijaiona. Mama akaiokota kwa vidole.

"Imezeeka," alisema. "Kama magoti yangu." Na hakuuliza tena.

Ila watu wa kiwandani walipoteza imani naye. Zamani ulikuwa unampelekea kijiko, anakwambia cha kweli au cha uongo, unaondoka na jibu lako. Sasa alikuwa anakuuliza utakitumia wapi, kuna maji au hakuna, ya chumvi au ya kawaida, kimegusana na chuma gani kingine. Nani ana muda huo? Kijana wa mizani alisema mzee amechanganyikiwa. Wakaanza kumpelekea kinyozi wa sokoni vijiko vyao, kwa sababu kinyozi alikuwa amenunua sumaku kwa Bei Poa na hakuwa na maswali.

Fundi mkuu peke yake ndiye aliyekuwa bado anakuja stoo. Siku moja alikuja amekasirika, ameshika bolti ya A4 na nati yake, zimeng'ang'aniana katikati ya njia, hazikaziki wala hazifunguki.

"Hazina kutu hata chembe," alisema, "na hazitoki. Niambie ni kwa nini."

Sumaku alizijaribu kwa spana hadi mishipa ikamtoka shingoni. Hazikutoka. Wakapanda pikipiki ya fundi wote wawili, magoti yamekunjwa, wakaenda dukani kwa binti. Akawaambia stenlesi kwa stenlesi zikikazwa kwa haraka zinapata joto, zinalana na kushikana. Dawa ni kupaka grisi kidogo, na mkono wa polepole. Hiyo bolti waikate kwa msumeno, imekwisha.

Wakanunua grisi, wakarudi wakigombana njia nzima nani kati yao alipaswa kulijua hilo.